PostgreSQL Ikigoma: Kutafuta Hitilafu kwenye Ubuntu, Red Hat na Windows

Programu inaposhindwa kuunganika na hifadhidata, wasimamizi wengi hukimbilia kuwasha upya mashine nzima. Tabia hiyo ina madhara, kwa sababu mara nyingi hufuta dalili zilizokuwa zikionyesha chanzo cha tatizo, na seva ikirudi kufanya kazi hakuna anayejua itagoma tena lini. Seva ya PostgreSQL, yaani programu ya kusimamia hifadhidata, huandika yenyewe sababu ya kugoma kwake, na kwa lugha iliyo wazi kuliko programu nyingi. Kazi ya kwanza basi ni kuisoma logi, yaani faili la kumbukumbu za matukio ya seva, kabla ya kugusa chochote. Ugumu hutokana na kwamba kila mfumo endeshi huweka logi hiyo, pamoja na faili za mipangilio, mahali pake.

Tuchukue toleo la 16 kama mfano. Kwenye Ubuntu na Debian, mipangilio iko katika /etc/postgresql/16/main, data iko katika /var/lib/postgresql/16/main, na logi huandikwa katika /var/log/postgresql. Kwenye Red Hat na jamaa zake, ukitumia vifurushi vya mradi wenyewe wa PostgreSQL, vyote vitatu hukaa chini ya /var/lib/pgsql/16/data. Logi za huko hupewa majina ya siku za juma, na siku hiyo inapofika tena faili la zamani huandikwa upya. Ukihitaji ushahidi wa Jumatatu iliyopita, unakili kabla Jumatatu nyingine haijafika. Kwenye Windows, tafuta katika C:\Program Files\PostgreSQL\16\data, ndani ya folda ya log, na huduma yenyewe inaitwa postgresql-x64-16. Seva ikishindwa kuwaka kabla haijaanza kuandika logi yake, kwenye Windows fungua Event Viewer, na kwenye Linux tumia amri ya journalctl. Seva ikiwa hai lakini hujui inatumia mafaili yapi, iulize yenyewe kwa SHOW config_file; na SHOW data_directory;.

Kwenye Ubuntu upo mtego unaostahili kuelezwa kwa urefu. Amri ya systemctl status postgresql hujibu "active (exited)" kwa rangi ya kijani, na msimamizi akaridhika kwamba seva inafanya kazi. Jibu hilo halithibitishi chochote, kwa kuwa huduma hiyo ni mwavuli tu. Seva halisi ni postgresql@16-main, nayo inaweza kuwa imezimika huku mwavuli ukiendelea kung'aa. Tumia pg_lsclusters, ambayo huonyesha kila seva iliyopo, toleo lake, poti yake (namba ya mlango wa mtandao inaosikiliza), hali yake na mahali ilipo logi. Hapo ndipo huonekana pia kwamba baada ya kusakinisha toleo jipya kando ya la zamani, lile jipya limepewa poti ya 5433, kwa kuwa 5432 ilikuwa imeshachukuliwa, na programu yako bado inabisha hodi kwenye mlango wa zamani.

Seva ikiwa hai lakini wateja, yaani programu zinazounganika nayo, hawaifikii, soma ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, maana kila ujumbe una maana yake. "Connection refused", ambayo kwenye Windows huambatana na namba 10061, mara nyingi humaanisha kwamba mashine imefikiwa lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Thibitisha kwa ss -ltnp kwenye Linux, au netstat -ano | findstr 5432 kwenye Windows. Ukiona seva inasikiliza 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe) peke yake, badilisha listen_addresses katika postgresql.conf, kisha uzime na kuwasha huduma, kwa kuwa badiliko hilo halikubali kusomwa upya tu. Muda wa kusubiri ukiisha bila jibu lolote, shuku faiawali (kinga ya mtandao) inayotupa maombi kimyakimya, kama ile ya Windows. Kwenye Red Hat, faiawali ya firewalld hukataa waziwazi, na mteja huona "No route to host", ujumbe unaowafanya wengi wakague nyaya na ruta bure.

Ukiambiwa "no pg_hba.conf entry", furahi kidogo: mtandao ni mzima na umefika kwenye seva. Faili la pg_hba.conf, linaloeleza nani anaruhusiwa kuunganika na kutoka wapi, husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Mstari sahihi uliowekwa chini ya mstari mpana zaidi hautafikiwa kamwe. Baada ya kurekebisha, tekeleza SELECT pg_reload_conf();, kisha angalia safuwima ya error katika pg_hba_file_rules ili kuona kama umekosea tahajia.

Diski kujaa ni tatizo zito kuliko hayo yote, kwa sababu hapo ndipo data hupotea kwa mikono ya msimamizi mwenyewe. Folda ya pg_wal huvimba, mtu anaona mafaili ya megabaiti 16 yamejazana, anayafuta. Usifanye hivyo hata mara moja. Mafaili hayo ndiyo yanayoiwezesha seva kujirekebisha baada ya kuanguka. Hadi mwaka 2017 folda hiyo iliitwa pg_xlog, na watu walikuwa wakiifuta wakidhani ni logi za kawaida. Toleo la 10 likaibadilisha jina kwa sababu hiyo. Ongeza nafasi kwenye diski au hamisha mafaili yasiyo ya PostgreSQL, washa seva, kisha utafute chanzo: archive_command (amri ya kunakili mafaili hayo kwenda kwenye akiba) inayoshindwa, au nafasi ya urudufishaji (replication slot, inayoizuia seva kufuta mafaili ambayo seva nyingine bado haijayapokea) iliyoachwa na seva ya akiba isiyokuwepo tena. Nafasi hizo za urudufishaji zimo katika pg_replication_slots. Yenye active ya f na isiyo na mwenyewe iondoe kwa pg_drop_replication_slot. Kuanzia toleo la 13, max_slot_wal_keep_size huweka kikomo cha mafaili yanayoweza kushikiliwa na nafasi hizo, na ni busara kukiweka.

Kuhamisha hifadhidata kutoka Windows kwenda Linux hakufanywi kwa kunakili folda ya data. Tumia pg_dump ya toleo jipya, pamoja na pg_dumpall --globals-only kwa ajili ya watumiaji na haki zao, kisha urejeshe upande wa pili. Hata kati ya Linux na Linux kunakili kuna hatari iliyojificha: maktaba ya msingi ya Linux, glibc, toleo la 2.28 la mwaka 2018, ilibadilisha mpangilio wa herufi, hivyo folda iliyotoka Red Hat 7 na kuwashwa kwenye Red Hat 8 huwaka vizuri, lakini faharasa (index) za maandishi zinaweza kuwa zimeharibika. Utafutaji hukosa safumlalo zilizopo, na majina yanayopaswa kuwa ya kipekee hujirudia. Kabla ya kuwaruhusu watumiaji, jenga upya faharasa kwa REINDEX DATABASE kwa kila hifadhidata. Ikigoma kwa kukuta thamani zilizorudiwa, linganisha safumlalo hizo na seva ya zamani, ambayo hadi hapo isiwe imezimwa wala kufutwa.