Namna ya Kupima Ahadi za Ajira katika Uwekezaji wa Kigeni

Katika nchi zinazoinukia kiuchumi, mradi wa mwekezaji kutoka nje hutangazwa kwa tarakimu mbili, thamani ya mtaji na idadi ya ajira, na wasomaji wengi huzipokea kana kwamba ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili. Anayetaka kuipima ahadi hiyo, awe mwandishi wa habari, mwanafunzi wa uchumi au mjumbe wa kamati inayojadili misamaha ya kodi, aanze kwa kuzitenganisha.

Chunguza kwanza aina ya fedha. Kwa vigezo vya takwimu vya kimataifa, uwekezaji wa moja kwa moja ni ule unaompa mwekezaji wa nchi nyingine angalau asilimia 10 ya haki ya kupiga kura katika kampuni, na ndani yake hujumlishwa ununuzi wa hisa, faida iliyobakizwa katika biashara, na mikopo kati ya kampuni mama na kampuni tanzu. Kiwanda kipya kinachojengwa huhitaji watu; kampuni iliyokuwapo ikinunuliwa, kinachobadilika siku hiyo ni mmiliki tu, na si ajabu mmiliki mpya akaanza kwa kupunguza wafanyakazi. Mkopo wa kampuni mama, kwa upande wake, waweza kuvuka mpaka na kuongeza jumla ya uwekezaji wa taifa bila kumwajiri hata mlinzi wa getini.

Ukisharidhika kwamba mradi ni mpya, gawanya mtaji kwa idadi ya ajira za kudumu. Kiwanda cha aluminiamu cha Mozal nchini Msumbiji, kilichoanza uzalishaji mwaka 2000, kiligharimu zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani, ilhali wafanyakazi wake wa kudumu walikuwa wapatao elfu moja tu, yaani takriban dola milioni moja kwa kila nafasi. Kiwanda cha nguo huajiri idadi kama hiyo kwa sehemu ndogo sana ya mtaji huo. Sisemi kwamba aluminiamu ni mradi mbaya, maana huongeza mauzo ya nje. Ila anayeutetea kwa hoja ya ajira amechagua hoja iliyo dhaifu kuliko zote alizo nazo.

Vibarua wa ujenzi wahesabiwe peke yao, kwa kuwa kazi yao huisha jengo linapokamilika. Ukitajiwa ajira zisizo za moja kwa moja, yaani zile za wauzaji na watoa huduma wanaoutegemea mradi, uliza zimekokotolewaje, na usipopewa jibu, ziondoe kwenye hesabu.

Sehemu ngumu ya hesabu ni kutoa ajira ambazo si mpya. Fundi aliyeacha kampuni ya wazawa akaenda kwa mwekezaji huenda amepata mshahara mzuri zaidi, lakini nafasi mpya inapatikana pale tu anapoajiriwa mtu wa kushika ile aliyoiacha. Vivyo hivyo, mwekezaji anayeuza katika soko la ndani aweza kuwafungisha biashara wazalishaji wadogo, jambo ambalo ni nadra kwa yule anayeuza nje bidhaa ambazo nchi haikuwa ikizizalisha. Idadi inayostahili kujadiliwa ni ile inayobaki baada ya kutoa waliohama na waliopoteza kazi.

Kisha tazama ujuzi unaobaki, maana hapo faida yaweza kuipita hesabu yote ya awali. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ya Bangladesh, chini ya mkataba wa ushirikiano na Daewoo, kampuni ya Korea Kusini, ilipeleka watu 130 nchini humo kujifunza ushonaji wa viwandani. Wengi wao baadaye waliondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au kuvisimamia vya wengine, na sekta hiyo ikakua hadi kuajiri mamilioni. Kinyume chake, mradi unaoagiza kila kipuri na kila msimamizi kutoka nje hauachi kitu cha kuigwa, hata ukidumu miaka mingi. Na si kila mradi hudumu: Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, iliyoichagua Costa Rica mwaka 1996, ilitangaza mwaka 2014 kuhamishia Asia kazi za kuunganisha na kupima vifaa vyake, na ajira zipatazo 1,500 zikapotea, ingawa shughuli za uhandisi zilibaki nchini.

Jihadhari pia na michoro inayoonyesha uwekezaji na ajira vikipanda pamoja, kwa sababu wawekezaji hupenda kwenda mahali ambako umeme, barabara na ukuaji vimekwishatangulia. Linganisha mkoa au sekta iliyopata mradi na nyingine iliyofanana nayo ambayo haikuupata, kabla na baada. Halafu, miaka miwili au mitatu baada ya uzinduzi, usirudi kwenye taarifa ya mwekezaji. Omba idadi ya wafanyakazi ambao michango yao inaingia kila mwezi katika mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha iweke kando ya ile iliyotangazwa.