Somo: Maji na protini baada ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula

Somo hili ni kwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kwa wanaowapikia. Nazungumzia upasuaji wa aina mbili. Katika sliivu, takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa. Katika baipasi, hutengenezwa kifuko kidogo kinachobeba kama mililita 30, kikaunganishwa na utumbo mwembamba. Waliowekewa puto ndani ya mfuko wa chakula, kama wanaohudumiwa Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, wana utaratibu wao. Ratiba ya hapa isiwachanganye.

Naomba ushike mpangilio huu: maji kwanza, protini ya pili, vidonge vya vitamini vya tatu, na vingine vyote baadaye. Upungufu wa maji ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha watu hospitalini wiki za mwanzo. Hakuna aliyewahi kurudishwa wodini kwa kukosa ugali. Lakini nyumbani kwetu mgonjwa akitoka hospitali kinachofikiriwa ni uji, mtori, "ale apate nguvu", na chupa ya maji inakaa mezani imejaa mpaka jioni.

Hatua ya 1: Zijue namba zako

Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Maji na vinywaji visivyo na sukari, lita 1.5 kwa uchache, na zaidi kama unaishi kwenye joto la Dar, Tanga au Mombasa. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo afuate namba alizopewa na daktari wake.

Protini ina kazi mbili kubwa sasa hivi. Kwanza, kidonda cha ndani kinapona kwa protini. Pili, uzito unashuka kwa kasi, na mwili usipopata protini ya kutosha unaanza kula misuli. Mizani itashuka vizuri tu na utafurahi, kumbe unapoteza nguvu za miguu.

Hatua ya 2: Kunywa kwa dozi

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Mfuko mpya hauwezi kupokea glasi nzima. Ukipiga mafunda makubwa utasikia kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, na maji yanarudi. Ukishaumia mara moja unaogopa kunywa, na hapo ukavu unaanza.

Chukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya kikohozi. Kama hakifiki mililita 30, pima kwa vijiko viwili vya chakula. Hiyo ndiyo dozi yako ya dakika 15: usiimimine yote kooni, inywe kidogo kidogo mpaka iishe. Dozi nne kwa saa ni mililita 120. Ukianza saa 1 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku, ni saa 13, umefikisha lita moja na nusu na ziada kidogo.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Wiki za mwanzo siku nzima inatosha tu, haina nafasi ya kupumzika kunywa. Ukisahau asubuhi yote huwezi kufidia jioni, kwa sababu mfuko haupokei kwa pupa. Ndiyo maana nasema weka kengele ya simu ilie kila robo saa, na mtu wa nyumbani ajue maana yake. Mfuko ukishatulia, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa, utaweza funda kubwa zaidi na kengele utaizima.

Kinachohesabiwa: maji, maji ya moto yenye kipande cha tangawizi, chai ya choya isiyo na sukari, supu iliyochujwa, maziwa, na ORS kama umeharisha. Maji ya dafu yanafaa ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji, maana yana sukari yake ya asili. Soda acha, gesi inatanua mfuko na kuuma. Juisi ya miwa, ya embe na ya ukwaju iliyotiwa sukari acha pia, hasa wewe wa baipasi: sukari inashuka moja kwa moja kwenye utumbo, na ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, tumbo linakata na unaharisha.

Kipimo cha jioni ni mkojo. Ukiwa mweupe au manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa manjano iliyokolea na unakojoa mara chache, umepungukiwa, hata kama husikii kiu.

Hatua ya 3: Protini ya kunywa, wiki mbili za kwanza

Hospitali nyingi hupanga hivi: wiki mbili za vinywaji, wiki ya tatu na ya nne vyakula vya kusagwa, kisha vyakula laini, na vya kawaida kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Kama karatasi uliyopewa inasema tofauti, fuata karatasi.

Tengeneza jagi moja kila asubuhi. Maziwa fresh nusu lita, uliyoyachemsha na kuengua utando wa juu, yana gramu 16 hivi za protini. Koroga humo gramu 50 za unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta, unaongeza gramu 17. Jagi hilo lina zaidi ya gramu 30, na ile nusu lita inahesabiwa pia kwenye maji ya siku. Ukiongeza kipimo kimoja cha unga wa protini wa dukani, ambao mara nyingi huwa na gramu 20 hadi 25, na mtindi mlaini usio na sukari mililita 200, umevuka 60. Koroga unga kwenye maziwa ya uvuguvugu, si yanayochemka, la sivyo unaganda mabonge.

Uji wa mahindi si protini. Kikombe kizima kinakupa gramu mbili au tatu, nacho kimekula nafasi ya saa mbili hivi. Nawaomba mama na shangazi wanaouguza wanielewe hapo.

Hatua ya 4: Vya kusagwa

Hapa dagaa wa Mwanza ndiye mkombozi wetu, na ni wa bei ambayo wengi tunaimudu. Toa vichwa na matumbo. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, kila mara ukiwatoa dagaa kwa mkono badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini ya bakuli. Waanike wakauke kabisa, kisha wakaushe kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo, mpaka wakivunjwa wanalia. Saga kwenye blenda, chekecha kwa chujio la chai, na kinachobaki juu usile sasa hivi. Kijiko cha chakula cha unga huo kina karibu gramu nne za protini, na kalsiamu ya mifupa juu yake. Changanya kwenye boga lililopondwa, kwenye mchuzi wa nyanya uliochujwa, au kwenye choroko zilizosagwa.

Vingine vya kipindi hiki: yai la kuvuruga lililo laini (gramu 6), samaki wa mvuke aliyepondwa na mchuzi wake, dengu na maharage yaliyosagwa bila maganda. Kuku wa kusaga anahitaji mchuzi mwingi, maana akiwa mkavu anakwama.

Hatua ya 5: Sahani ya kawaida

Anza na protini, halafu mboga, na wanga ukipata nafasi. Ukianza na wali, nafasi imekwisha. Tafuna mpaka chakula kiwe rojo, kula taratibu kwa dakika 20 hadi 30, na ukisikia kifua kimeanza kujaa simama, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Kuanzia sasa usinywe ukila. Acha kunywa ukianza kula, kisha subiri nusu saa baada ya kula ndipo urudi kwenye maji. Ugali, chapati na mkate mlaini ndivyo vinavyokwama zaidi, kwa sababu vinafanya donge. Vichelewe.

Hatua ya 6: Vidonge

Multivitamini, B12, chuma, vitamini D na kalsiamu ni vya maisha, kwa dozi aliyokuandikia daktari. Kalsiamu na chuma vitenganishe kwa saa mbili, na chuma usikimeze na chai. Vipimo vya damu usiviruke hata kama unajisikia mzima.

Usisubiri, nenda hospitali

Ukishindwa kushusha hata maji kwa siku nzima. Kizunguzungu ukisimama, mdomo mkavu, mkojo umekatika. Homa, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, hasa wiki za mwanzo: hapo mshono wa ndani unaweza kuwa unavuja, na hiyo ni dharura.

Maswali ya wanakikundi

*Mama Rehema, Morogoro: Shikamoo dada. Maji matupu yananitia kichefuchefu, nikiyaona tu nasikia kutapika. Nifanyeje?*

Marahaba mdogo wangu. Wengi wanapata hilo. Badilisha joto lake: wengine yanapita yakiwa ya baridi, wengine ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Tia kipande cha tango, limao au tangawizi. Supu iliyochujwa pia ni maji. Ukishindwa vyote kwa siku moja, usinisubiri mimi, nenda ukatundikiwe dripu.

*Kaka wa Kisumu: Unga wa protini bei yake siiwezi. Nitafikisha 60 kweli?*

Utafikisha. Jagi la maziwa gramu 33, mayai mawili 12, unga wa omena (dagaa) vijiko viwili 8, na kipande cha samaki kinachotosha kiganja cha mtoto, tuseme gramu 50, kinakupa 10 hivi. Hiyo ni 63. Shida yako haitakuwa chakula, itakuwa kukigawa: milo mitano au sita midogo, si miwili.

*Bi. Zuhura, Tanga: Mwanangu nampa supu ya makongoro iliyochemshwa usiku kucha. Hiyo si protini tosha?*

Shikamoo mama. Supu hiyo ni nzuri kwa maji na chumvi, na inashuka vizuri, endelea kumpa. Lakini ile inayoganda ikipoa ni protini isiyo kamili. Inakosa moja ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Na kama umeichuja, nyama yote imebaki kwenye sufuria. Korogea humo unga wa dagaa akishafika hatua ya kusagwa, au mpe yai pembeni.

*Salma, Muscat: Nilifanyiwa sliivu miezi mitano iliyopita na Ramadhani inakaribia. Naweza kufunga?*

Madaktari wengi wa upasuaji huu hushauri usifunge mwaka wa kwanza, na ushauri wangu ni huo. Piga hesabu: kutoka Magharibi hadi Alfajiri toa saa za kulala, sala na kula, zinabaki kama saa sita. Hata ukinywa mara mbili ya ile dozi ya mwanzo hufiki lita moja na nusu, na bado kuna protini, na bado kuna joto la huko. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufunga siku nyingine. Muulize shekhe wako namna ya kulipa. Mwakani daktari akikuruhusu, futuru kwa tende moja na maji kidogo kidogo, usiongeze tende ya pili kabla hujala protini.

*Jina nimelihifadhi: Mke wangu yuko wiki ya tano, anatapika kila siku wiki ya pili sasa. Jana anasema anaona vitu viwili viwili na anayumba akitembea. Tusubiri kliniki ya Alhamisi?*

Kaka, mpeleke leo, sasa hivi. Akiba ya vitamini B1 mwilini haizidi wiki chache, na anayetapika hivyo huimaliza haraka. Kuona viwili viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa, ganzi za miguu: ni dalili kwamba ubongo na mishipa ya fahamu vinaumia, na matibabu yakichelewa madhara yanaweza kubaki. Mkifika, kabla ya lolote waambie: "Amefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, anatapika wiki mbili, tunaomba mfikirie upungufu wa B1." Hospitali nyingi za wilaya hawawaoni wagonjwa hawa mara kwa mara. Ni muhimu B1 ya sindano itangulie au iende pamoja na dripu ya sukari. Baadaye watafute kwa nini anatapika, huenda njia imebana. Ukifika tuandikie, hata neno moja.

*Neema, Arusha: Mwezi wa nne, nywele zinatoka kwa mafungu. Nanunua mafuta gani?*

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hupukutika kwa wengi, kwa sababu ya upasuaji wenyewe na kupungua haraka, na mara nyingi huota tena. Fedha ya mafuta nunua mayai. Andika unachokula kwa siku tatu na jumlisha protini. Ikiwa chini ya 60 umeshapata pa kuanzia. Kama inatosha na nywele bado zinatoka, kapime chuma, zinki na tezi ya shingo.

*Juma, Ilala: Baada ya baipasi maziwa yananiharisha. Jagi lako silimudu.*

Hutokea sana kwa baipasi. Jaribu mtindi, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imeshaliwa na bakteria. Ukigoma nao, tumia maziwa ya soya yasiyo na sukari, na uongeze mayai na samaki. Baada ya miezi kadhaa rudia maziwa kidogo kidogo, kuanzia vijiko viwili. Wapo wanaorudi kuyavumilia.