Namna ya kulitumia neno "uchangamfu" likakaa mahali pake

Ninafundisha Kiswahili hapa Mwanza, na katika insha ninazosahihisha, neno uchangamfu huwekwa ovyo kuliko mengi. Mwanafunzi anaandika "nilikuwa na uchangamfu moyoni" pale alipotaka kusema furaha. Mwingine anaandika "jirani yetu ana furaha sana", kumbe alitaka kusema jirani ni mchangamfu. Nalipenda neno hili na naona uchungu likipotea bure. Chukua kalamu twende pamoja.

Hatua ya 1: Anza na kitenzi

Uchangamfu unatokana na kitenzi changamka. Njia ni ile ile ya kamilika, kamilifu, ukamilifu: changamka, changamfu, uchangamfu. Kivumishi kinafuata ngeli kama kawaida: kijana mchangamfu, vijana wachangamfu, sauti changamfu. Nomino ni ya U na haina wingi: uchangamfu wake unavutia.

Hayo ni mepesi. Pagumu ni kuchagua kati ya kivumishi na kitenzi chenye -me-. "Bibi ni mchangamfu" inaeleza tabia yake ya siku zote. "Bibi amechangamka" inaeleza sasa hivi, na ndani yake mna habari kwamba awali hakuwa hivyo. Ndugu wakitoka kumwona mgonjwa wao hospitali ya Bugando jioni wakasema "leo amechangamka", nyumba nzima inashusha pumzi. Hawajasema amepona, wala hawajasema anafurahi. Wamesema ameketi, amekula kidogo, ameuliza watoto wanaendeleaje. Vivyo hivyo mama aliyekesha na mtoto mwenye homa: akisema "kachangamka", ujue mtoto ameanza kusumbua tena. Na ukiulizwa "mbona leo hujachangamka?", unaulizwa kama unaumwa au una jambo linalokusumbua.

Hatua ya 2: Mtafute shahidi

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Furaha inaweza kukaa moyoni mwa mtu na asijue yeyote. Uchangamfu hauwezi. Lazima awepo mtu wa kuuona, kuusikia au kuupokea. Kwa hiyo kabla hujaliandika neno hili, jiulize: nani ameuona? Kama hakuna, rudi kwenye furaha, raha au faraja.

Ndiyo maana mjane anaweza kuwapokea wageni wa arobaini kwa uchangamfu, akawaulizia safari, akahakikisha kila mmoja amepata chai, na ndani yake hana furaha hata chembe. Sentensi hiyo haina kasoro yoyote, na inamheshimu mjane yule.

Majirani wa neno hili nao uwajue. Bashasha, lililotoka Kiarabu, hukaa usoni na mara nyingi huonekana watu wanapokutana: alitupokea kwa bashasha. Ukunjufu umetokana na kukunjua. Mwenye moyo mkunjufu hana kinyongo, na anaweza kuwa mtu mkimya kabisa. Mcheshi anachekesha. Mchangamfu si lazima achekeshe.

Hatua ya 3: Lipeleke mahali, si kwa mtu tu

Nenda Kirumba Mwaloni, kwenye soko la dagaa na samaki hapa Mwanza. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, mitumbwi mingi hupumzika. Biashara nayo inafuata mwezi: giza likirudi, mzigo unaingia kutoka visiwani, wabebaji wanapigiana kelele za kuomba njia, mama lishe wanaongeza sufuria. Hapo utasikia "Mwaloni kumechangamka".

Tazama hiyo ku-. Ukisema "soko limechangamka" umelitaja soko lenyewe. Ukisema "kumechangamka" umeyataja mazingira yote ya pale, watu na kelele zao. Mwandishi anayejua tofauti hiyo anaokoa aya nzima ya maelezo.

Hatua ya 4: Ongeza -ia

Changamkia ina njia mbili. Kumchangamkia mgeni ni kumpokea vizuri. Mgeni akirudi kwao akasema "sikuchangamkiwa", amelalamika, tena kwa uzito, hata kama alilishwa akashiba. Kuchangamkia fursa ni kuiwahi. Ya pili imeenea mno kwenye matangazo, nami nashauri uitumie kwa kiasi.

Hatua ya 5: Jihadhari na mitego hii

Konda anayekuambia "changamka" anakutaka uharakishe. Hakuombi utabasamu.

Arusini, "mzee kachangamka" wengi watasikia kwamba mzee ameonja kinywaji. Kama ni mzee wa kuheshimiwa na hajagusa kitu, andika "mzee alikuwa mchangamfu".

Usilichanganye na mzaha, masihara wala dhihaka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mzaha unaweza kumuumiza mtu, uchangamfu haumuumizi.

Hatua ya 6: Mwandike mtu mchangamfu bila kulitaja neno

Chagua mtu mmoja uliyemwona kwa macho. Mimi huwapa wanafunzi wangu muuza dagaa. Jaribio la kwanza huwa hivi: "Mama yule alikuwa mchangamfu sana kwa wateja." Namwambia mwanafunzi aifute, aniandikie mama alifanya nini. Anarudi na kitu kama hiki:

"Nilimwamkia, 'Shikamoo mama.' Akaitikia kabla sijamaliza, 'Marahaba mwanangu, karibu, hujambo? Kwenu hawajambo?' Mkono wake tayari ulikuwa kwenye dagaa. 'Hawa wa leo, shika uone walivyokauka.' Akajaza kisado, akakitikisa, akaongeza konzi moja juu, dagaa wengine wakamwagika kwenye turubai. Nikamwambia leo ninanunua nusu tu. 'Nusu nayo ni biashara, mwanangu,' akasema, akanipimia bila kupunguza ile konzi ya juu."

Soma kwa sauti. Kitenzi kipo, shahidi yupo, mahali papo. Sasa jaribu kuiweka sentensi ile ya kwanza mwishoni mwa aya hii. Ukiona inaongeza kitu, iache. Ukiona mama amekwisha kujieleza mwenyewe, iondoe, na neno uchangamfu ulitunze kwa ajili ya aya nyingine.