Kigeuze Kwanza Uone Skrubu

Kabla hujanisikiliza, jua kwamba ninayesema haya ni fundi, na mezani kwangu hakiletwi kitu kizima. Huja feni isiyozunguka, pasi isiyopata moto, blenda inayonuka moshi. Mwenyewe akishaona vyuma vimetapakaa huniuliza: "Fundi, au ningenunua tu ile iliyotengenezwa hapa nchini, ile iliyonishinda bei?" Kuna siku namwambia ndiyo. Siku nyingi namrudishia swali: hiki kikiharibika utampelekea nani, na huyo spea atazitoa wapi? Mimi nanunua kwa kulijibu swali hilo kwanza. Mambo ya bendera kwenye boksi hufuata baadaye.

Anza na lebo, lakini isome kama unasoma mkataba. Kimetengenezwa, kimeunganishwa, kimebuniwa na kimefungashwa ni maneno manne, kila moja lina habari yake. Nimefungua feni ya "nyumbani" nikakuta mota, swichi na kapasita vyote vimetoka ng'ambo. Cha ndani kilikuwa mapanga, kava na kazi ya kukaza. Sisemi ni utapeli, kuunganisha nako ni ajira. Ila kama unaongeza pesa kwa nia ya kuinua viwanda vya kwenu, ni haki yako kujua unainua kipi. Sheria nazo hazifanani. Marekani, mtengenezaji hawezi kuandika tu kwamba bidhaa imetengenezwa huko mpaka iwe yote, au karibu yote, imefanyika huko. Mahali pengi pengine kinachoangaliwa ni nchi ambako bidhaa ilifanyiwa badiliko kubwa la mwisho.

Usidanganywe pia na ile mistari myeusi ya kuskani. Watu wameambiana kwamba tarakimu za mwanzo zinataja nchi ya kiwanda, kwamba ukiona 690 hadi 699 basi ni China. Tarakimu zile zinaonyesha tawi la GS1, shirika la kimataifa linalogawa namba hizo, lililoipa kampuni namba zake. Kampuni inaweza kusajiliwa nchi moja na mzigo wake ukatoka bara lingine kabisa.

Na lebo hugeuka maana. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, na vitu vya Wajerumani vikalazimika kuandikwa vilikotoka. Nia ilikuwa mnunuzi avitambue avikwepe, maana vilisifika kwa urahisi wa bei na ubovu. Haukupita muda mrefu, maneno yale yale, "Made in Germany", yakawa ndiyo yanayouza. Mzee anayekwambia nchi fulani hutoa takataka, huenda aliyasema hayo kwa haki zamani, na kiwanda kimeshabadilika huku yeye hajui.

Sasa kigeuze. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kwenye bei. Tafuta skrubu. Kifaa chenye skrubu nne za kawaida chini yake kilitengenezwa na mtu aliyefikiri kwamba siku moja kitafunguliwa. Kilichobandikwa gundi, kupigwa ribiti au kuyeyushwa plastiki kwenye maungio kilikusudiwa kufa kikiwa kimefungwa. Wafaransa wamelifanya jambo hili kuwa la serikali: kuanzia Januari 2021 baadhi ya vifaa dukani, kama simu, kompyuta za kupakata, televisheni na mashine za kufulia, vikalazimika kubandikwa alama kati ya 0 na 10 ya urahisi wa kutengenezeka. Walihesabu kama maelezo ya ufundi yanapatikana, kama kifaa kinafunguka, kama spea zipo na zinauzwaje. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana ndiyo hesabu ninayoifanya kwa macho nikiwa nimesimama mbele ya rafu.

Kiinue. Mota yenye shaba ya kutosha ina uzito wake, na ukishika vifaa viwili vya aina moja mkono utakuambia, ingawa wapo wajanja wanaotia kipande cha chuma ndani kiwe kizito. Koili za mota nyingi za bei ya chini ni waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, au kuvishwa shaba kidogo juu. Kwangu naukwaruza kwa kisu. Ukitoa weupe, nimeshajua. Alumini si dhambi, lakini kwa unene uleule hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya ukiachwa mwembamba hupata joto upesi. Dukani huwezi kukwaruza, lakini unaweza kubeba sumaku ndogo. Ipeleke kwenye ncha ya waya wa upanuzi iliyo wazi: ikinasa, ndani mna chuma kilichopakwa shaba, uache hapo hapo. Kwenye sufuria za chuma kisichoshika kutu sumaku haina kauli ya mwisho, kwani zipo nzuri zinazonasa na nzuri zisizonasa, na jiko la sumaku linazitaka hizo zinazonasa.

Soma kibati cha umeme. Hili limenigharimu mimi mwenyewe. Niliagiza mota ya blenda kutoka nje, nusu ya bei ya iliyokuwapo, picha nzuri, sifa tele. Kibati kilisema volti 120, hezi 60. Nilikiona baada ya kuichomeka kwenye volti 230. Ilizunguka kwa hasira sekunde chache, kisha chumba kikajaa harufu ninayoijua vizuri. Pasi au birika la volti 120 ukilichomeka kwenye 230 huvuta nguvu karibu mara nne ya lilichoundiwa. Bidhaa ya ndani kwa kawaida imeshaundiwa umeme wa kwenu na plagi ya kwenu, na faida hiyo haiandikwi popote kwenye bei.

Hesabu sasa. Chukua bei ya cha nje, ongeza usafiri, ongeza ushuru, na kumbuka kwamba nchi nyingi hupiga ushuru juu ya bei ikiwa pamoja na bima na usafiri, kisha kodi ya mauzo juu ya jumla hiyo. Ongeza siku za kusubiri. Halafu jiulize kikija kibovu utakirudishaje, maana kukirejesha ng'ambo mara nyingi kunazidi thamani yake, na muuzaji analijua hilo kabla yako. Gawa kwa miaka unayotarajia kukitumia. Nimeona cha nje kikishinda hata baada ya hesabu hiyo yote, na nimeona kikishindwa vibaya. Ukikataa kuifanya, basi unanunua kwa kubahatisha.

Kijana mmoja wa chuo aliyeniletea feni aliniambia kuna mchumi, David Ricardo, aliyeandika mwaka 1817 kuhusu nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Kwa mfano wake Ureno ilihitaji watu 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo, Uingereza 100 na 120, na bado wote walifaidika kila mmoja akishika kile anachokiweza zaidi. Sikumpinga. Nilimwonyesha fyuzi ya joto iliyojificha ndani ya koili ya feni yake, kidude kidogo kuliko punje ya maharage, nikamwambia kimekatika, na kwa sababu ya kidude hiki watu hutupa feni nzima. Mvinyo ukishanywewa umekwisha. Feni inarudi kwa fundi.

Ndiyo maana namheshimu mwenye kiwanda cha ndani anayetoa modeli ileile miaka kumi. Watu humcheka, wanasema hana ubunifu. Mimi nina sanduku la bushi na beringi, vile vipande vinavyoshika mhimili unaozunguka, zinazoingia kwenye kila feni aliyowahi kuuza. Wa nje wengi hubadilisha umbo kila msimu, na swichi ya mwaka jana haiingii ya mwaka huu. Lakini usigeuze hili kuwa dini. Kipo kifaa cha nje kilichouzwa kwa wingi hadi spea zake zikajaa kila mahali, na kipo kiwanda cha ndani kilichofungwa kikaacha wateja wanashika vyeti vya dhamana visivyo na wa kuvipokea. Uliza spea kabla ya kulipa. Muuzaji akikuambia "hiki hakiharibiki", umeshajibiwa.

Kitu cha kutumia mara moja au mbili kwa mwaka, nunua rahisi, kitoke popote, usijisumbue. Chaja, waya wa upanuzi na kirekebisha gesi usivitafutie unafuu, viwe vya nje viwe vya ndani. Hapo tafuta alama ya ubora inayotambuliwa na shirika la viwango la nchi yako. Alama ya CE, kwa vifaa vingi, ni mtengenezaji anayejitangazia kwamba ametimiza masharti ya Ulaya, wala haisemi kitu kimetoka wapi.

Mimi pasi yangu ni ya nje. Ina skrubu tatu, moja imejificha chini ya kidude cha kurekebisha joto, na nimeshaifungua mara mbili. Feni ni ya ndani, inapiga kelele kidogo ikianza. Tone moja la mafuta kwenye bushi, inanyamaza.