Namna ya Kupima Jinsi Aloi ya Titani Inavyogeuka Umbo kwa Joto na Kasi Tofauti

Kabla ya kuwasha mashine, tenganisha mambo mawili: joto unaloliweka wewe kwenye tanuri, na joto ambalo metali hujizalishia yenyewe inapobonyezwa. Vipimo vingi huharibikia hapo.

Chukua aloi ya Ti-6Al-4V, ambayo ina takriban asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi, uchonge silinda ndogo ambazo kimo chake ni mara moja na nusu ya kipenyo. Nyuso za juu na chini ziwe sambamba na zipakwe grafaiti, la sivyo msuguano utaifanya silinda itutumke katikati kama pipa.

Panga vipimo vya joto ukizingatia kwamba kwenye nyuzi 995 za Selsiasi hivi aloi hii hubadilika yote kuwa awamu ya beta (mojawapo ya mipangilio miwili ya atomi zake; nyingine, ya joto la chini, huitwa alfa), ambayo hulainika upesi kwa sababu mpangilio wake wa atomi una njia nyingi za kuteleza kuliko ule wa pembesita wa alfa. Kwenye joto kali tumia gesi ya agoni, kwani titani hufyonza oksijeni na uso wake hugeuka mgumu na mwepesi kupasuka.

Kasi hapa ni sehemu ya kimo inayobonyezwa kila sekunde. Kwa kasi ndogo ya 0.001 kwa sekunde, silinda yenye kimo cha milimita 9 huanza kwa kubonyezwa milimita 0.009 kila sekunde, na joto linalozalishwa hupata muda wa kutoroka. Kwa nondo za Hopkinson, yaani fito ndefu za chuma zinazoibana silinda katikati yake kwa pigo la ghafla na kufikisha kasi ya 1,000 kwa sekunde na zaidi, kipimo huisha chini ya sekunde moja. Ukiifupisha silinda kwa sehemu ya tano, joto lake laweza kupanda karibu nyuzi 100, nalo hubaki humo humo kwa kuwa titani ni mpitishaji hafifu wa joto. Sehemu iliyopata moto hulainika, hubeba mgeuko zaidi, huzidi kupata moto; ndipo huzaliwa mikanda myembamba ya mkato, yaani mistari ambamo mgeuko wote hujikusanya. Kwa hiyo mkazo (nguvu kwa kila kipande cha eneo) ukishuka baada ya kilele, ikate silinda kwa urefu na uitazame kwa hadubini kabla ya kudai kwamba metali nzima imelainika.

Ukitumia mlinganyo wa Johnson na Cook wa mwaka 1983, unaokadiria mkazo wa metali kutokana na mgeuko, kasi na joto, tafuta kigezo cha joto kwenye vipimo vya polepole, na kigezo cha kasi mwanzoni mwa mgeuko, kabla joto halijajikusanya. Mlinganyo huo hautambui badiliko la awamu. Vigezo vilivyopatikana chini ya nyuzi 995 visitumiwe juu yake.