Variansi mbili za kuwa nazo kabla ya kupigilia vigingi

Kabla hujakata kamba na kupima ploti za jaribio la shambani la split-plot, yaani lile ambalo kila ploti kuu hugawanywa vipande vidogo (ploti ndogo), uwe na namba mbili: variansi (kipimo cha kutawanyika kwa matokeo) ya ploti kuu na variansi ya ploti ndogo. Wengi huja na moja tu, ile ya mstari wa mwisho wa jedwali la anova (uchanganuzi wa variansi), wakaitumia kila mahali. Jaribio huharibikia hapo, mbegu ikiwa bado ghalani.

Chukua jaribio la oti la Rothamsted, Uingereza, ambalo Frank Yates alilichapisha mwaka 1935. Lilikuwa na bloku 6, yaani marudio 6 ya jaribio zima. Kila bloku ilikuwa na ploti kuu 3 za aina za mbegu, na kila ploti kuu vipande 4 vya viwango vya naitrojeni. Jedwali lake lina mistari miwili ya kosa, yaani tofauti za bahati nasibu kati ya ploti: kosa la ploti kuu ni 601.3 kwa digrii 10 za uhuru (idadi ya taarifa huru zilizotumika kulikadiria), la ploti ndogo 177.1 kwa digrii 45. Usiichukue 601.3 ukaiita variansi ya ploti kuu, kwa sababu ndani yake imo pia ile ya ploti ndogo. Toa 177.1, gawa kwa 4 kwa kuwa kila ploti kuu ina vipande vinne, unapata 106. Hiyo ndiyo unayoitafuta.

Kwa hiyo ukimwomba mtafiti mwenzako matokeo ya zamani, omba data ya kila kipande. Wastani peke yake haukufai. Na ripoti ikitaja CV moja (kosa likiwa asilimia ya wastani), uliza ni ya kosa lipi.

Sasa tuseme umepata fedha za kuongeza vipande kutoka 72 hadi 144. Katika jaribio la Yates, kosa sanifu la kulinganisha mbegu mbili, yaani kiasi ambacho tofauti ya wastani wao inaweza kuyumba kwa bahati tu, ni 7.1 (mavuno yalipimwa kwa robo ratili). Ukigawa kila ploti kuu vipande 8 vya ukubwa uleule, linashuka hadi 6.5 tu, tena hapo tumechukulia kwamba ploti kuu iliyokuwa kubwa zaidi haitaongeza variansi yake. Ukiongeza bloku hadi 12, linafika 5.0, na digrii za uhuru zinapanda kutoka 10 hadi 22. Idadi ya vipande ni ileile! Kinachokosekana kwa kawaida ni ploti kuu, na ndiyo ghali kuandaa. Trekta haligeuki ndani ya kipande cha mita tano, hivyo anayelinganisha njia za kulima hana budi kulipia bloku.

Kumbuka pia kwamba digrii 10 ni chache mno. Kwa uhakika wa asilimia 95, ile 601.3 inaweza kuwa popote kati ya 294 na 1852. Mimi hupanga kwa upande wa juu: ukomo wa juu wa asilimia 80 ni kama 973, na hiyo ndiyo naiweka kwenye hesabu ya nguvu ya jaribio (uwezo wake wa kuigundua tofauti iliyopo kweli). Bajeti inauma, lakini inauma zaidi kuvuna msimu mzima bila jibu.

Mara nyingine kosa la ploti kuu hutoka dogo kuliko la ploti ndogo. Ukitoa, unapata variansi hasi, na programu nyingi zitakuandikia sifuri. Usipange kwa sifuri hiyo. Tafuta majaribio mengine mawili matatu ya udongo na zao lilelile, uyaunganishe, au angalau rudia hesabu kwa thamani kadhaa zilizo juu ya sifuri uone idadi ya bloku inavyobadilika.