SOMO: Tuita haitoi sauti? Usikimbilie kununua nyingine

Wakuu habari za jioni. Nimejitengenezea boksi la spika hapa Nkuhungu, wufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 8 na tuita moja (spika ndogo ya sauti nyembamba), ndani ya miezi miwili nikaunguza tuita tatu. Inauma kila siku kwenda sokoni Majengo na hela mkononi halafu kibovu chenyewe kiko kwingine.

Kwanza zima ampu (amplifaya), chomoa waya mmoja wa tuita ili mita ya kupimia umeme isisome vitu vingine. Weka mita kwenye ohm 200, gusa miguu yake miwili. Tuita ya ohm 8 inasoma kama 6 hivi, ya ohm 4 inasoma 3 na kitu. Mita ikibaki imeandika 1 peke yake pembeni, koili (waya uliozungushwa ndani ya tuita) imekatika, ila angalia kwanza ule waya mwembamba unaoingia ndani, mara nyingine ndo umeachia tu pale kwenye risasi, unalehemu inapona.

Ikisoma vizuri basi njoo kwenye kapasita, ile inayozuia besi isiingie kwenye tuita. Yangu niliifuta vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua, nikaiweka karibu na taa nikaona imeandikwa 47 (ni mikrofaradi, µF, kipimo cha kapasita), na mimi siku zote najua nimefunga 4.7! Kwa tuita ya ohm 8, 4.7 inaanza kupitisha karibu 4,200 Hz, ile 47 inaanzia kama 420 tu, kwahiyo tuita ilikuwa inabeba kazi ya wufa mpaka koili inaungua. Nunua ile isiyo na chanya wala hasi, volti 50 kwenda juu.

MASWALI

– Mkuu tuita yangu mita haiisomi kabisa ila tuita inalia, imekaaje?
Hiyo ni tuita ya aina ya piezo, haina koili, mita ya ohm haiwezi kuisoma. Ijaribu kwa mziki wa sauti ndogo.

– Niko Mpwapwa sina mita, betri inafaa?
Inafaa, betri moja ya redio, 1.5 V. Gusa na kuachia, ikisema "tk" koili nzima. Usishikilie.

– Ya kushoto inakwaruza, ya kulia safi. Ni ampu?
Badilishana tuita tu kaka, kapasita ziache zilipo. Mkwaruzo ukihamia kulia ni tuita, ukibaki kushoto pima kapasita kisha ampu.